Jasho Lenye Chumvi

Ilikuwepo nchi, wala si yenu, kwa hiyo kaeni vizuri na kila mtu aache kumtupia jicho jirani yake. Katika nchi hiyo kazi haikupimwa kwa kilichofanyika. Ilipimwa kwa jasho. Mtu akilima ekari tatu na fulana yake ikabaki kavu, alikuwa hajalima. Akishinda kibarazani anachokonoa meno, kisha fulana ikatoka chapachapa, huyo alikuwa mchapakazi, na picha yake ilibandikwa posta.

Kila siku saa tisa alasiri king'ora kililia na nchi nzima ikavua fulana. Wakamuaji wa Serikali, wenye kofia na mabakuli ya bati, walipita ofisi kwa ofisi na shamba kwa shamba. Fulana ilikamuliwa bakulini, kilichotoka kikatiwa chupani, chupa ikaandikwa jina na tarehe, ikapelekwa Ghala la Jasho la Taifa. Kila wilaya ilikuwa na ghala lake. Wilaya isiyo na shule ilivumiliwa. Isiyo na ghala, mkuu wake alistaafishwa kwa sababu za kiafya.

Mambo haya yalianza siku ya ukombozi. Mtukufu, ambaye wakati huo alikuwa bado anaitwa kwa jina lake, alipanda jukwaani, akahutubu saa nne, kisha akavua shati mbele ya umma na kulikamua. Maji yakachuruzika mpaka ngazi ya chini. "Hili ndilo jasho lililowakomboa!" akasema, na watu wakalia.

Ni kweli kwamba siku ile ilinyesha mvua ya kuvunja miavuli, na kwamba kila aliyekuwa uwanjani, pamoja na mbuzi wa sherehe, alilowa mpaka mifupani. Lakini hilo lilishughulikiwa mapema. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria fupi kuliko zote nchini: Katika hadhara ya Serikali, mvua hainyeshi. Idara ya hali ya hewa ikachana ukurasa wake. Mbuzi alikuwa ameshaliwa.

Pandu alikuwepo siku ile. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, amesimama safu ya nne, maji yanamwingia masikioni. Alikumbuka rangi ya shati, na alikumbuka mwanamke aliyejifunika ungo kichwani halafu akaambiwa auteremshe. Hakuwahi kumsimulia mtu. Wala si kwa hofu. Hofu nayo inataka nguvu, na nguvu za Pandu zote ziliishia kisimani.

*

Pandu alikuwa mvuta maji wa hospitali ya wilaya kwa miaka thelathini na moja. Kisima kilikuwa kirefu, ndoo ilichukua muda kufika chini mpaka mtu akasahau ameishusha. Zamani palikuwa na pampu ya mkono, lakini ilihojiwa, ikaonekana haitoki jasho, ikafukuzwa kazi. Baada yake ukaja waraka wa kung'oa magurudumu ya matoroli na machela yote, kwa maelezo kwamba gurudumu linamnyima mwananchi haki yake ya kubeba. Magurudumu yakarundikwa nyuma ya jiko la hospitali, majani yakaota juu yake. Wagonjwa wakawa wanabebwa na machela inayobebwa na watu wanaopaswa kubebwa.

Sasa sikilizeni jambo moja ambalo kila mtu hospitalini alilijua na hakuna aliyelisema. Saa nane, saa moja kabla ya king'ora, watumishi walijipanga kisimani na vikombe mikononi.

"Mzee Pandu, nitilie kidogo cha maandalizi."

Alikuja daktari, akaja karani, wakaja wapishi. Mkamuaji Mkuu wa Wilaya mwenyewe, Mheshimiwa Fumbwe, mtu mwenye shingo ya mikunjo mitatu, alituma birika lake la chai. Pandu aliwatilia. Walikwenda nyuma ya ukuta, wakajimwagia fulanani, na saa tisa walikamuliwa kwa vifijo.

Pandu mwenyewe alilowa tangu alfajiri, tena kwa haki. Lakini jua lilimkausha, na ikifika saa tisa fulana yake ilikuwa imekakamaa kama karatasi, ina mistari myeupe ya chumvi. Ikikamuliwa ilitoa vijiko viwili vya kitu cha manjano. Kwa hiyo kwa miaka thelathini na moja alikuwa wa mwisho kwa bidii katika hospitali nzima. Barua zake za onyo alizitumia kuzibia upepo dirishani. Alishazisoma zote, na zote ziliandikwa na watu waliolowa kwa maji yake.

Hilo la barua hakulifikiria kwa uchungu. Zamani labda. Siku hizi kifua chake kilikuwa kama mguu uliolaliwa: unaugusa, unajua ni wako, basi.

*

Jumatatu hiyo binti yake, Zawena, alikuwa wodi ya wazazi. Uchungu ulimwanza alfajiri, naye alifika kwa miguu yake, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeshika beseni.

Nesi Kidawa, mkunga wa wodi, alimfuata Pandu kisimani kabla jua halijapanda vizuri. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, na vidole vyake vilikuwa vimebabuka kwa dawa.

"Baba Zawena, nataka mapipa mawili yajae kabla ya saa nane."

"Yatajaa."

"Sikiliza kwanza. Mara ile mjukuu wako nilimpokea kwa mikono iliyotoka kwa mama mwingine. Sikuwa na hata kikombe cha kunawia. Mtoto aliishi siku tano, na Zawena akaungua homa mwezi mzima. Unakumbuka?"

Pandu alikumbuka. Ilikuwa siku ya ziara ya Waziri, na watumishi wote walitaka maji maradufu ili fulana zipendeze. Yeye ndiye aliyewatilia. Alikumbuka hata kikombe cha mwisho kilikuwa cha nani, kilikuwa cha buluu, kina pengo mdomoni.

"Nakumbuka," alisema.

"Basi leo sitaki. Bora wanifukuze."

Pandu akashusha ndoo. Alivuta ya kwanza, akavuta ya pili. Ya tatu ilipofika nusu, kitu kikalia begani kama kuni inavyovunjwa gotini, na kamba ikamponyoka. Aliketi kwenye ukingo wa kisima, akautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa unaning'inia. Hakusikia maumivu makubwa. Alihesabu tu: mapipa mawili, ndoo arobaini, mkono mmoja.

Dirisha la wodi lilikuwa karibu. "Baba," sauti ya Zawena ikatoka, ikakatika, ikarudi. "Umekula?"

"Nimekula."

Alikuwa hajala. Akainuka, akaenda nyuma ya jiko, akafukua majani.

Gurudumu alilolipata lilikuwa la toroli, la chuma, halina mpira, lina mfereji katikati kama limetengenezwa kwa ajili ya kamba. Akachomeka kipande cha bomba katikati yake, akalifunga kwa waya kwenye nguzo mbili za kisima, akapitisha kamba juu. Kisha badala ya kuvuta juu, akavuta chini, kwa mkono wa kushoto, na uzito wa mwili wake ukafanya kilichobaki. Ndoo ikapanda. Ilipanda bila kelele, bila kugonga ukuta, ikafika juu imejaa na inamtazama.

Pandu akaisubiri kidogo, kama mtu aliyeletewa chakula alichokuwa hajaagiza. Kisha akashusha tena.

Saa tatu na nusu mapipa mawili yalikuwa yamejaa mpaka mdomoni. Kidawa alitoka, akatazama mapipa, akatazama gurudumu, akatazama fulana ya Pandu. Ilikuwa kavu.

"Ivue," alisema haraka. "Ivue, uitie maji, kabla hawajaja."

Pandu akafikiri. Katika miaka thelathini na moja hakuwahi. Hakuwa mtakatifu; ilikuwa tu kila akimaliza kuwatilia wengine alichoka mno kujitilia mwenyewe. Alipokuwa bado anafikiri, Mheshimiwa Fumbwe akaingia getini.

*

Alikuja na wakamuaji wawili, kwa ukaguzi wa kushtukiza uliotangazwa redioni wiki nzima.

"Ndugu Pandu. Haya maji umeyatoa wapi?"

"Kisimani, mheshimiwa."

"Kwa jasho lipi?"

Pandu akaitazama fulana yake. Wakamuaji wakamvua fulana, wakaisokota mpaka ikalia, wakaibinya, mmoja akaikanyaga. Bakuli likabaki kavu.

"Mapipa mawili yamejaa, fulana kavu," akasema Fumbwe, akizunguka polepole. "Basi yupo aliyetokwa jasho kwa niaba yako. Mtaje."

"Ni hilo gurudumu."

"Lina kitambulisho?"

"Halina."

"Mnamsikia? Anashirikiana na wasiojulikana." Fumbwe akapanda juu ya kibao cha kufulia, akawageukia watumishi na wagonjwa waliokuwa wamejikusanya. "Ndugu wananchi, ndugu wagonjwa, na wale ambao bado hamjaamua! Nchi hii haikukombolewa kwa urahisi, na kwa hiyo haitaendeshwa kwa urahisi. Adui amegundua kwamba hawezi kutushinda kwa bunduki, sasa anatuletea nafuu! Leo ni gurudumu. Kesho mtu atataka kiti. Keshokutwa atakaa kwenye hicho kiti na kuanza kujiuliza kwa nini!"

Makofi yakapigwa. Daktari alipiga kwa nguvu kuliko wote, kisha akaangalia kama ametokwa na chochote kwapani.

"Maji haya," Fumbwe akamalizia, "hayakufanyiwa kazi. Ni maji ya uvivu. Yarudishwe yalikotoka, kisha yavutwe upya kwa utaratibu."

Kidawa akajitokeza. "Mheshimiwa, nina mzazi ndani. Maji ni maji. Kichwa cha mtoto kikitokeza hakiulizi ndoo ilipandaje."

"Nesi, usichanganye tiba na siasa."

Watu wanane walibeba mapipa na kuyamimina kisimani. Ilikuwa kazi ngumu kweli, waliteleza, walitukanana, mmoja alijiponda kidole, na jasho lililotoka lilikuwa la kutosha kuwapongeza papo hapo. Gurudumu lilivunjwa kwa nyundo. Pandu alisimama amejishika mkono. Maji yalipogonga chini ya kisima alisikia mlio wake, mrefu, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema, halafu asiseme.

*

Alivuta kwa mkono wa kushoto na kushika kamba kwa meno. Ilipofika saa nane alikuwa na ndoo tatu. Watumishi wakawa wamejipanga.

"Mzee Pandu, mimi nusu tu," alisema karani. "Jana nilizidisha, wakaniandikia nina homa."

"Haya ni ya wodi."

"Wodi nayo itakamuliwa?"

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya; walimpenda Pandu kwa kiasi fulani, kama mtu anavyopenda bomba.

"Binti yangu yuko ndani," Pandu akasema.

"Sote tuna mabinti, mzee wangu, na saa tisa hawatauliza mabinti. Tia."

Karani hakusubiri kutiliwa. Akachota mwenyewe, na waliomfuata wakachota. Birika la Fumbwe likaja, likajazwa, likaondoka. Ndoo tatu zikawa unyevunyevu. Pandu alizitazama na akajaribu kukasirika. Alijaribu kwa makusudi, kama anayepapasa mfukoni akitafuta ufunguo alioujua upo. Hakuupata.

Kidawa akatokeza dirishani. Uso wake ulikuwa umetota, na jasho lile halikuwa la maandalizi.

"Kichwa kinaonekana. Maji yako wapi?"

Pandu akainamisha ndoo ili aone.

Nesi hakupiga kelele. Alitoka nje, akaokota mguu wa machela iliyong'olewa magurudumu, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye jengo lililopakana na wodi. Lilikuwa jengo pekee pale lenye paa lisilovuja: Ghala la Jasho la Taifa. Alipiga kufuli mara tatu. Ya tatu, mlango ukafunguka.

"Nesi," Pandu akasema nyuma yake, "hilo ni jasho."

"Tutaona."

Ndani rafu zilikwenda mpaka darini. Chupa zilipangwa kwa vyeo. Kidawa akatwaa ya daktari, akafungua, akanusa, akatia ulimi. Akatwaa ya karani. Akatwaa ya Fumbwe, yenye lebo ya dhahabu, akaionja, akatikisa kichwa.

"Maji," alisema. "Maji. Na haya ni maji yenye majani ya chai. Shika beseni."

Walikuwa wakimimina yeye chupa mbili na Pandu moja, kwa mkono wa kushoto. Miaka mitano ya bidii ya daktari iliingia kwenye sufuria. Jiko la mkaa lilikuwa linawaka tangu asubuhi bila kitu juu yake. Kidawa alipofika rafu ya chini kabisa, karibu na sakafu, akaokota chupa nyembamba, rangi ya manjano, ina kigaga cheupe chini. Akaonja. Akatema mara moja, akajifuta mdomo, akasoma jina.

Akaitazama rafu yote. Chupa zote za chini zilikuwa hivyo.

"Baba Zawena. Hizi zako hazifai."

"Zimeharibika?"

"Hapana," alisema Kidawa, akairudisha chupa mahali pake taratibu, kama mtu anayelaza kitu. "Hizi ni jasho."

King'ora cha saa tisa kilipolia, uwanja mzima ulivua fulana, na ndani ya wodi mtoto wa kike alilia juu ya sauti hiyo. Alipokelewa kwa mikono iliyonawishwa. Zawena alioshwa kwa maji yaliyochemka. Pandu alisimama mlangoni. Walimwonyesha mtoto, akamwona, akasema, "Sawa." Baadaye alikumbuka kwamba huenda palihitajika neno jingine.

*

Fumbwe alifika ghalani fulana ikiwa bado mkononi, inachuruzika. Akaona kufuli, akaona chupa tupu mia na zaidi.

"Nani amemwaga jasho la Taifa?"

"Mimi," akasema Kidawa. "Nimemwoshea mzazi na mtoto. Kama lilikuwa jasho, nifungeni. Kama yalikuwa maji, mheshimiwa, sijui tumfunge nani." Akamnyooshea chupa yenye lebo ya dhahabu, iliyobaki tone. "Onja."

Fumbwe akaonja. Mikunjo mitatu ya shingo yake ikapanda na kushuka. Nyuma yake daktari, karani na wapishi walisubiri, na kila mmoja alikuwa ameshafika jela kwa mawazo na kurudi.

"Ni jasho," akasema Fumbwe hatimaye. "Ni jasho safi kabisa. Ndiyo tofauti ya kiongozi na raia. Kiongozi amejitakasa mpaka jasho lake halina ladha."

Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba mtoto wa kwanza nchini kuoshwa kwa jasho la viongozi anaendelea vizuri na ameonyesha uzalendo. Nesi Kidawa akapewa cheti. Jambo lingeishia hapo, lakini Serikali haikuwa imelala. Wataalamu waliitwa kukagua chupa zilizosalia, wakagundua kwamba zote nchini zilifanana, isipokuwa za mtu mmoja. Hizo zilikuwa na rangi. Zilikuwa na harufu. Zilikuwa na chumvi.

Pandu akashtakiwa kwa kuchakachua jasho la Taifa.

*

Hukumu ilisomwa siku ya arobaini ya mtoto, hadharani, katika uwanja wa hospitali. Zawena alikuja na mwanawe amefunikwa kanga. Fumbwe alisoma kurasa kumi na moja. Ilithibitika kwamba mshtakiwa, kwa miaka thelathini na moja, kwa siri na kwa makusudi, alitia chumvi katika jasho. Ilithibitika pia kwamba chumvi hiyo aliipata mahali pasipojulikana.

"Una la kusema?"

Pandu alifikiri juu ya lile shati la siku ya ukombozi. Lilikuwa la kijivu, lina mfuko mmoja. "Sina, mheshimiwa."

"Kwa hiyo jasho lako lote linafutwa. Kisheria hujawahi kufanya kazi. Utaanza upya leo hii kama mwajiriwa mpya, kwa majaribio, na ukionyesha bidii kwa miaka thelathini na moja utafikiriwa. Wodi ina wazazi sita. Mapipa ni yale yale."

Alipofika hapo tone la kwanza likaangukia karatasi, wino ukatambaa. Likaja la pili. Kisha ikamwagika, mvua ya kuvunja miavuli, na kwa kuwa ilikuwa hadhara ya Serikali hakuna aliyekimbia, hakuna aliyeinua hata kiganja. Daktari alisimama wima, maji yanamtoka puani. Mwanamke mmoja alikuwa na ungo kichwani, akaambiwa auteremshe. Fumbwe aliendelea kusoma maneno yaliyokwisha kuyeyuka.

Pandu alimtazama yule mwanamke. Kisha akageuka, kwa kuwa alikuwa ameamriwa kuanza kazi, akayaviringisha mapipa mawili kwa mguu mpaka chini ya paa la ghala, lile lisilovuja. Akayasimamisha. Maji ya paa yakaanza kuyagonga chini, kwa fujo, halafu kwa sauti nzito zaidi kadiri yalivyopanda.

Akaokota kibao cha kufulia, akakiweka ukutani, akaketi.

Mkamuaji mmoja akamjia mbio. "Wewe! Huvuti?"

"Najaza mapipa."

"Kwa maji gani?"

Pandu akamtazama, maji yakichuruzika kutoka kwenye kofia yake ya Serikali mpaka ndani ya kola. "Wewe unayaona?"

Mkamuaji akafungua mdomo. Ukaingia maji, akaufunga. Akamwangalia Fumbwe, Fumbwe akaangalia karatasi.

Zawena akaja akaketi kando ya baba yake, chini ya paa, akamfunua mtoto uso. Bega lilikuwa linamuuma Pandu. Aligundua kwamba linamuuma, tena sana, na huenda lilikuwa linauma siku zote hizo.

Mapipa yalipojaa, Kidawa alikuja na ndoo kuchota.